Filme ya wamasoni ambayo wenye masomo walikataa kuangalia



Tumezoea kuandika historia ya wafalme, vita na mikataba. Leo naomba muvumilie kidogo, juu nawaletea filme ya kuchekesha, tena ile ya bei rahisi, ya huko Meksiko. Inaitwa El día de los albañiles II, ni kusema "Siku ya Wamasoni, sehemu ya pili". Ilitoka katikati ya miaka ya 1980. Ni ile aina ya filme ambamo watu wanaanguka, wanafukuzana, wanachungulia wanawake, wanadanganya patro, na kila sentensi iko na maana mbili, moja ya mezani na nyingine ya kitandani. Ukitafuta ndani yake hadithi ndefu, utachoka bure.

Najua swali lenu: sisi watu wa diplome tupoteze saa juu ya kitu kama hiki? Jibu langu liko kwenye ile namba mbili ya mwisho wa jina. Hakuna mufanya-biashara anayetoa feza yake kutengeneza sehemu ya pili ya kitu ambacho watu hawakulipia sehemu ya kwanza. Filme ya kwanza ilikuwa ya mwaka wa 1984, ya Adolfo Martínez Solares. Ikafuata ya pili, na nyuma ya ile ya pili ikaja ya tatu, hata ya nne. Kwa mtu wa historia, hiyo namba mbili ni kama risiti. Inasema: hapa watu walipita, walitoa feza zao, na walitaka kurudia. Sasa kazi yetu ni kujua watu hao ni nani, na walikuwa wananunua kitu gani.

Tuanze na majina, juu majina ya kazi yanasema mengi. Albañil ni neno lililotoka kwa Kiarabu, tangu wakati Waarabu walitawala Hispania, sawa vile maneno yetu mengi yalitoka kwa Kiarabu kwa njia nyingine. Kwenye shantie ya Meksiko kuna ngazi. Chini kabisa ni peón, mwenye kubeba mchanga na maji. Kisha anakuja yule anayeitwa media cuchara, "nusu mwiko". Mwiko hapa ni ule wa kutandaza simenti, na Kihispania kinafanya sawa Kiswahili: neno moja kwa kijiko na kwa chombo cha masoni. Nusu mwiko ni mtu aliyeanza kujua kupanga matofali lakini hawajamuachia ukuta peke yake. Juu kabisa ni maistro. Hili neno ndilo maestro, "mwalimu", lakini linatamkwa vile watu wasiosoma sana wanatamka. Mwalimu wa shule ni maestro, mkubwa wa wamasoni ni maistro. Herufi moja tu, na ndani ya ile herufi moja kuna tabaka mbili za watu.

Na "siku" inayotajwa kwenye jina la filme ni siku ya kweli. Ni tarehe 3 mwezi wa tano, sikukuu ya Msalaba Mtakatifu. Asubuhi wamasoni wanatengeneza msalaba na mbao za hapo hapo shantie, wanaupamba na maua na makaratasi ya rangi, wanaupandisha mahali pa juu kabisa pa jengo. Padri anaweza kuja kubariki. Wanalipua fataki. Kisha kazi inasimama, na patro, au injenia kwa niaba yake, analipa chakula na pombe. Siku zingine zote masoni anakula chini, anapasha tortila zake juu ya kipande cha bati. Siku hiyo moja mwenye jengo anakuja kula pamoja naye, na masoni anaweza kumtania usoni. Mwaka wa 1960 Roma iliondoa sikukuu hiyo ya mwezi wa tano kwenye kalenda ya Kanisa lote, lakini Meksiko waliendelea nayo. Nadhani hakuna askofu aliyetaka kuwa yule atakayepeleka habari hiyo kwa wamasoni.

Kwa hiyo mtengenezaji wa filme hakuhitaji kufikiri sana. Alichukua siku moja ambayo wadogo wanakuwa wakubwa, akaipanua mpaka ikajaza saa moja na nusu.

Lakini kwa nini masoni, kwa nini si muuza samaki? Angalia mji wenyewe. Mwaka wa 1940 Mji wa Meksiko ulikuwa na watu chini ya milioni 2. Mwaka wa 1980, ukihesabu na vitongoji vyake, ulikuwa umepita milioni 12. Watu walitoka Oaxaca, Puebla, Hidalgo, Guerrero, walitoka mashambani na mikono mitupu, na kazi ya kwanza waliyopata ilikuwa kubeba simenti. Mchana walijenga magorofa, hoteli na wizara za wengine. Jumapili walijenga nyumba zao wenyewe, chumba kimoja kimoja, matofali yakipatikana. Mji wa Nezahualcóyotl, uliotambuliwa na serikali mwaka wa 1963, ulijengwa hivyo, kwenye uwanja wa ziwa Texcoco lililokaushwa, penye vumbi wakati wa jua na tope wakati wa mvua. Masoni alikuwa yule ambaye kila mtu alimuona na hakuna aliyemuangalia.

Sinema ilimuangalia mara tatu kabla hatujafika kwenye hii sehemu ya pili, na hapa njo utamu wa habari.

Mara ya kwanza ilikuwa 1975, filme inayoitwa El albañil, na mwenye kuigiza ni mwimbaji Vicente Fernández. Huyo ni masoni anayeimba, kijana mzuri, moyo safi. Wanawake wa nyumbani walimpenda.

Mara ya pili ni mwaka mmoja nyuma yake. Vicente Leñero alikuwa amesoma injenia ya ujenzi kwenye chuo kikuu cha taifa, akajua shantie kwa macho yake, kisha akaacha mambo ya vyuma akaandika. Buku yake Los albañiles ilipata tuzo kubwa kule Barcelona mwaka wa 1963. Don Jesús, mzee mlinzi wa usiku, anakutwa amekufa kwenye jengo lisilokwisha. Polisi anauliza kila mtu: maistro, vijana wa kubeba mchanga, hata yule injenia kijana, mtoto wa mwenye kampuni, ambaye wamasoni wanamcheka juu ana diplome lakini hajui kazi. (Wandugu mainjenia, nisameheni, si mimi niliandika.) Kila mtu ana sababu ya kuua, na mwisho hatujui nani aliua. Jorge Fons akaitoa filme mwaka wa 1976, na Ignacio López Tarso akawa don Jesús. Mwaka wa 1977 ilipata Dubu wa Fedha kule Berlin. Ni filme nzuri kweli, sitaki mtu aseme niliidharau. Ilikuwa na feza za serikali nyuma yake. Rais Luis Echeverría alikuwa ameweka ndugu yake, Rodolfo, juu ya banki ya sinema, na banki hiyo ikasaidia vijana wenye mawazo.

Mara ya tatu ni ile ya 1984: masoni anayecheka. Hakuna Berlin, hakuna tuzo. Alfonso Zayas, mtu mwembamba, sura ya kawaida, miguu sawa vijiti, anaigiza mjanja ambaye hana kitu na anapata vyote. Ukimuona barabarani hautageuka mara ya pili. Hiyo ndiyo ilikuwa nguvu yake. Yule kijana wa nusu mwiko, akiwa ameketi kwenye kiti cha sinema na simenti bado kwenye kucha, hakuweza kujiona ndani ya Vicente Fernández. Ndani ya Zayas aliweza.

Sasa, kati ya 1976 na 1984 kulipita nini? Jibu liko kwenye feza. Rais José López Portillo, aliyeingia mwisho wa 1976, naye aliweka ndugu yake: dada yake Margarita akapewa radio, televizio na sinema zote za serikali. Chini yake ile banki ya sinema ikavunjwa. Wenye mitaji binafsi wakabaki peke yao uwanjani, na hesabu yao ilikuwa rahisi: filme ya wiki chache, waigizaji wale wale, mavazi kidogo. Tayari mwaka wa 1975 Bellas de noche ilikuwa imewaonyesha njia, filme ya wanawake wa kabareti ambao wanaume wanawanunulia pombe na tiketi za kucheza dansi. Mojawapo wa nyota zake alikuwa Sasha Montenegro. Miaka mingi nyuma, yeye njo akawa mke wa López Portillo, rais mwenyewe. Historia wakati mwingine inaandika vichekesho vyake bila kulipa mwandishi.

Tarehe 24 mwezi wa tatu 1982, nyumba ya kuhifadhi sinema ya taifa, Cineteca Nacional, iliungua moto. Watu walikufa, na maelfu ya filme yakawa majivu. Mwezi wa nane wa mwaka ule ule Meksiko ikatangaza kwamba haiwezi kulipa madeni yake ya inje. Nchi ilikuwa imekopa juu ya mafuta, bei ya mafuta ikashuka, faida za mikopo zikapanda. Mwanzo wa 1982 dola moja ilikuwa peso kama 26. Mwisho wa mwaka ilikuwa imevuka 100. Mwisho wa 1987 ilivuka 2000. Wazazi wetu waliobeba zaire ndani ya mifuko ya plastiki hawana haja ya kuelezwa zaidi. Na kazi ya kwanza kusimama wakati feza inakufa ni kujenga. Nguzo zinabaki zimesimama na vyuma vyao inje, na masoni anarudi nyumbani.

Njo wakati huo filme za masoni anayecheka zinaingia sokoni. Tiketi ilikuwa rahisi, juu serikali ilishika bei chini, na kampuni ya serikali, COTSA, ilikuwa na sinema nyingi mjini na mikoani. Mtu aliyepoteza kazi aliweza kuingia, kukaa gizani pamoja na wenzake mia kadhaa, na kuona patro anaangukia simenti. Wakosoaji waliandika kwamba ni uchafu, na kwamba sinema ya Meksiko imekufa. Mimi nasema walikuwa na haki nusu. Waliona vizuri kile kilichokuwa mbele yao juu ya kitambaa. Hawakugeuka kuangalia nyuma, kwenye viti.

Kuna jambo moja wakosoaji walisahau. Adolfo Martínez Solares alikuwa mtoto wa Gilberto Martínez Solares, yule aliyefanya kazi na Tin Tan kwenye filme kama El rey del barrio, ya 1950, ambayo leo wenye masomo wote wanaisifu kuwa hazina ya taifa. Mkubwa wa wezi mwenye huruma, maneno ya haraka, watu wa kartie wanaocheza na kupigana. Ni nyumba moja, mkono wa baba na mkono wa mtoto. Kile kilichoitwa takataka na kile kilichoitwa hazina vilitoka jikoni moja. Tofauti ni miaka 35, feza kidogo zaidi kwa baba, na nguo kidogo zaidi kwa waigizaji wa kike.

Tusiruke hapo kwenye nguo. Nimeangalia filme za aina hii, na sitazitetea zote. Mwanamke ndani yake ni kitu cha kuchungulia. Anapita chini ya jukwaa la wajenzi, wao wanapiga miluzi, na kamera inapiga mluzi pamoja nao. Akiwa tajiri, atavuliwa. Akiwa bibi wa nyumbani, atakuwa mnene na mwenye kelele. Mara chache sana filme inauliza yeye anaona nini kutoka chini. Msichana aliyekuwa anapita kila asubuhi mbele ya shantie kwenda shule alijua hiyo miluzi si mchezo. Basi ukisema filme hizi zilimpa mdogo nafasi ya kumcheka mkubwa, ongeza pia kwamba zilimpa huyo mdogo mtu mwingine chini yake wa kukanyaga. Ni jambo moja, halitengani. Wasomi wengine wa leo wanaoanza kuzisifu kama "sauti ya watu" wanaruka hapa haraka sana. Watu gani? Nusu ya watu.

Na kuna albur. Huu ni mchezo wa maneno, pigano la watu wawili wa kiume: mmoja anasema sentensi ya kawaida, ya chakula au ya vyombo vya kazi, lakini chini yake kuna maana ya aibu. Mwenzake lazima ajibu mara moja, kwa sentensi inayogeuza aibu irudi alikotoka. Anayekosa jibu amepoteza. Octavio Paz aliuandikia mwaka wa 1950, ndani ya buku yake juu ya upweke wa Wameksiko, akiona ndani yake hofu ya mwanaume kufunguliwa na mwenzake. Yeye aliuona kutoka maktaba. Kwenye shantie, albur uko na kazi nyingine. Injenia anakuja na kofia yake safi, anatoa amri, na maistro anajibu kwa heshima kabisa, "ndiyo bwana injenia". Wamasoni wote wanauma midomo, juu ndani ya ile "ndiyo" kuna kitu. Injenia anajua kuna kitu, lakini hajui ni nini. Miaka yake yote ya chuo kikuu haimsaidii. Hapo kwa dakika moja, mwenye kujua ni yule asiyesoma.

Njo maana filme hizi hazitafsiriki. Ukiweka maneno ya lugha nyingine chini ya picha, unabaki na watu wazima wanaoanguka. Lakini Wameksiko waliohama walizifuata mpaka Marekani, kwenye sinema za Kihispania za Los Angeles na Texas na kwenye video. Wengi wao walikuwa wanajenga nyumba za watu wengine kule pia.

Kisha ikaja asubuhi ya tarehe 19 mwezi wa tisa 1985, saa moja na dakika 19. Tetemeko la ukubwa wa 8.1. Mji umekaa juu ya udongo laini wa ziwa la zamani, na udongo huo ukatikisika sawa uji ndani ya sahani. Hospitali Juárez ikaanguka. Hoteli Regis ikaanguka. Kwenye Tlatelolco, jengo la Nuevo León, ambalo wakaaji wake walikuwa wamelilalamikia zamani, likalala chini. Maelfu ya watu wakafa. Nyumba nyingi za mawe za wakati wa Wahispania zilibaki zimesimama, na magorofa mapya ya miaka 20 au 30 yakakunjika.

Serikali ilichelewa. Watu wa kawaida ndio walipanda juu ya vifusi, na kati yao wale waliojua kushika nyundo na kukata chuma. Vijana walioingia kwenye mashimo ya Tlatelolco waliitwa topos, "fuko", na vikundi vyao vipo mpaka leo, vinakwenda nchi za mbali zenye matetemeko. Nyuma yake likaja swali la hasira: nani alijenga vibaya? Masoni anaweka chuma kile alichopewa na simenti kiasi alichoambiwa. Anayechora ni mwenye diplome, anayenunua ni patro, anayetia saini ni mtu wa bilo. Ule mzaha wa zamani, kwamba maistro anajua jengo kuliko injenia, ukawa ghafla si mzaha tena. Mwaka wa 1987 mji ulipata kanuni mpya za kujenga, kali zaidi. Na programu ya serikali ya kujenga tena ilitoa nyumba zaidi ya 40,000 kwa watu wa kartie za katikati, juu wakaaji walijipanga na kukataa kuhamishwa. Wamasoni wakapata tena kazi.

Hawa ndio watu waliokuwa wanakwenda kuangalia sehemu ya pili, kisha ya tatu. Huwezi kusema filme hizo zilisema neno moja juu ya madeni, au juu ya chuma kilichoibiwa. Hazikusema. Lakini ukichukua magazeti yote ya miaka ile, na hotuba zote za rais, utapata masoni kama hesabu: idadi ya wasio na kazi, idadi ya waliokufa. Mshahara wa chini ulipoteza karibu nusu ya nguvu yake katika ile miaka kumi, hiyo nayo ni hesabu. Kwenye filme ya bei rahisi utapata ana jina la utani, ana njaa, ana mdomo, na hataki kukaa chini wakati patro anapita.

Mwisho wake haukuletwa na wakosoaji. Sheria ya zamani ilitaka nusu ya muda wa sinema uwe wa filme za nyumbani. Mwaka wa 1992 sheria mpya ilikata sehemu hiyo ishuke mpaka asilimia 10 kufikia 1997, na bei ya tiketi ikaachiliwa. Mwaka wa 1993 COTSA ikauzwa. Sinema kubwa za zamani, zile za viti elfu na zaidi, zikafungwa, zikawa makanisa, maduka, maegesho ya magari. Filme za akina Zayas zikahamia kwenye kaseti za video, kisha kwenye televizio za mchana, na ziko huko mpaka leo. Zayas mwenyewe alikufa mwaka wa 2021, na wengi wa wale waliokuwa wanamkwepa wakakumbuka kwamba nao waliwahi kucheka.

Mahali pa zile sinema zikaja mpya, zenye sale nyingi ndogo ndani ya maduka makubwa, na baridi ya mashine, na filme za Marekani. Bei ya tiketi ilipanda mpaka mtu wa kubeba mchanga akahesabu vidole vyake akarudi nyumbani. Majumba hayo nayo yalijengwa na wamasoni, na kila tarehe 3 ya mwezi wa tano kazi ilipokuwa bado haijaisha, msalaba wa mbao na makaratasi ya rangi ulisimama juu ya paa, pale pale juu ya sale ambazo waliokuwa wanaufunga na waya hawangeingia.